Matoazi Yalikuwepo, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi. Lakini wewe ulikuwa husikilizi neno la mtoto ambaye hajaamkia, na sitaki kuanza barua hii kwa kukukosea adabu, maana nina kosa jingine kubwa la kukueleza na hilo moja linatosha.

Ni Jumapili mchana. Nimekaa kwenye meza yako hapa nyumbani Mlabani, gramafoni iko mbele yangu, Mama yuko uani anachambua mchele. Miezi mitatu imepita tangu tukuzike. Siku ile mvua ilikuwa haijakatika, na wachimbaji walikuwa wanachota maji kaburini kwa ndoo kabla ya kukuteremsha. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nawaza kitu cha kijinga kabisa, kwamba unyevu ule ungekuudhi. Sasa ni kiangazi. Mpunga umevunwa, barabara zimejaa baiskeli zilizobeba magunia, mashine zinakoboa kutwa nzima. Kwenye mashine yako ya zamani wamemweka tena mtu mwingine. Watu wanalalamika kwamba mchele unatoka chenga. Nimelisikia hilo sokoni nikafurahi, Mungu anisamehe.

Nakuandikia kwa sababu mzigo wako umefika.

Deo alinipigia Jumatano, nikiwa shuleni kule Mofu, nimetoka tu darasani. Mwanao yule hajui kuongea kwa kuzunguka, lakini siku hiyo alizunguka mpaka nikahisi kuna msiba mwingine. Mwishoni akasema, "Dada, ile santuri ya Baba imekuja. Niliagiza kabla hajaugua. Nimeitia kwenye basi, sikujua niifanye nini." Jana Jumamosi nikaja Ifakara, nikaenda stendi, kwenye ofisi ya vifurushi. Karani akasoma jina juu ya boksi, akasoma kitambulisho changu, akasema sheria ni mwenye mzigo apige simu kuthibitisha. Nikamwambia mwenyewe hawezi kupiga. Akasema basi atume hata ujumbe. Mimi mwalimu wa fizikia, nimesimama mbele ya wanafunzi miaka kumi na moja, nikabaki nalisoma tena na tena jina lako juu ya boksi. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri mzigo wake ndiye aliyemwambia, "Wewe kaka, mpe mwenzio mzigo wake. Huoni hali yake?" Akanipa.

Ni ileile, Baba. Jalada la kijani, mpiga tarumbeta kafumba macho. Nyuma wameandika kama walivyoandika kwenye zote, kwamba safari hii wamerudi kwenye tepu mama yenyewe, wameisafisha upya, na kwamba muziki huu haujawahi kusikika hivi. Hii ni ya tano aliyoagiza Deo. Mtu mwingine yeyote hapa mjini angeshangaa mzee mmoja anataka nini na santuri tano zenye muziki uleule. Mimi najua. Ulikuwa unatafuta matoazi.

Matoazi yalikuwepo, Baba. Yalikuwepo kwenye zote. Mimi nilikuwa nayasikia.

Nimeshalisema. Ngoja nivute pumzi, halafu nieleze kwa mpangilio kama unavyopenda.

Ulitusimulia mara nyingi jinsi ulivyoipata ile ya kwanza kabisa. Padre mmoja mzungu wa misheni alikuwa anakuita umtengenezee jenereta, na alipozeeka akarudishwa kwao alikuachia gramafoni na santuri moja iliyochakaa. Juu ya jalada ukaona neno jazz. Ukafurahi sana, maana kwa watu wa rika lako jazz ni bendi ya dansi, magitaa, waimbaji watatu mbele, ukumbi umejaa. Ukaalika majirani. Mama akapika. Ukateremsha sindano, tarumbeta ikaanza, saksafoni ikafuata, piano ikaingia, ngoma zikaingia, na nyote mkakaa kimya mnamsubiri mwimbaji. Upande wa kwanza ukaisha. Ukawaambia wageni labda yuko upande wa pili. "Mpaka leo hajafika," ulikuwa unasema, na unacheka peke yako kabla sisi hatujacheka.

Majirani walikula wakaenda zao, wewe ukabaki na ile santuri. Ulisema kilichokushika si tarumbeta, ni yule mpiga ngoma, tena mkono wake wa kulia tu, ule uliokuwa juu ya toazi, ile sahani ya shaba. "Sikia anavyopepeta." Na kweli, ukimsikiliza hivyo, unamwona mtu ana ungo, mkono mwepesi, hana haraka wala hachoki, na wenzake wote wanafanya kazi yao juu ya mkono ule. Baadaye ukajua kwamba muziki huo una jina, hard bop, wewe ukilitamka hadibopu, na kwamba ni jazz ya watu weusi wa Marekani walioamua kuirudisha karibu na kanisa lao na majonzi yao. Deo ndiye aliyekusomea hayo kwenye simu. Ukamjibu, "Kanisa nilishalisikia mwenyewe. Sikusubiri kuambiwa."

Deo alipopata kazi Dar akakuuliza unataka akununulie nini. Wazazi wengine wanaomba mabati. Wewe ukaomba santuri ileile, ila mpya. Akatafuta mtandaoni, akagundua kwamba kuna watu Ulaya na Marekani kazi yao ni kuchukua tepu za zamani na kuzisafisha, halafu wanatoa santuri upya. Nilikuwepo Jumapili ulipoiweka. Ile ya padre ilikuwa inatatarika mwanzo mpaka mwisho kama maandazi kwenye mafuta, tulishazoea. Hii ilianza na ukimya. Halafu tukamsikia mpiga tarumbeta anavuta hewa. Kabla ya nota, Baba, pumzi tu, ya mtu aliyekufa miaka mingi. Kiti kikalia mahali fulani, na nyuma ya piano mtu akanong'ona jambo. Ulinishika mkono ukanibana mpaka nikaumia. "Wameiosha," ulisema upande ulipoisha. "Wameiosha kama mchele wa mgeni."

Tangu hapo kabati likaanza kujaa santuri nyingine alizotuma Deo. Ulikuwa na sheria zako na hata padre wa parokia alipotutembelea alizifuata. Mikono inanawiwa kwa sabuni. Santuri inashikwa kwa kingo. Hakuna kuongea mpaka upande uishe, mwenye kukohoa atoke. Chai inanywewa katikati ya upande na upande. Masika ilipofika ulikuwa unakaanga mchele mkavu, unautia kwenye vifuko vya kitambaa na kuviweka kila pembe ya kabati vifyonze unyevu, na ukiupata mchele umelainika unaubadilisha. Ile ya Wajapani, iliyokuja na mkanda wa karatasi pembeni wenye maandishi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyasoma, ulikataza mkanda usitolewe. "Hujui umeandikwa nini. Labda ni muhimu."

Sasa niseme ukweli wa upande wangu. Wakati ule nilikuwa nakuja kwa nadra. Mofu si mbali hivyo, lakini mtu akitaka sababu ya kutosafiri, Mofu inazo zote, tope, mto, mitihani ya kusahihisha. Nilikuja santuri mpya ikifika, baada ya mwezi, mwezi na nusu, wakati mwingine miwili. Mama alikuwa ananisema. Wewe hukunisema hata siku moja, na mimi nikajiambia kwamba hukuona tofauti.

Masikio yako yaliliwa na mashine ya kukoboa. Miaka thelathini karibu na ule mkanda na yale machekecheke ya chuma, nani angepona? Na ajabu ni kwamba masikio ndiyo yaliyokuwa kipimo chako. Unaweza kuwa umeipa mashine mgongo unaongea na mteja, ghafla unageuka na kusema, "Huo mbichi. Urudi juani." Kwa sauti tu ya mpunga unavyopita. Halafu kidogo kidogo ukaanza kulalamika kwamba watu wanameza maneno. Padre anameza, Mama anameza, hata watangazaji wa redio wanameza. Mimi nafundisha sura ya sauti kidato cha pili. Kila mwaka nachora ubaoni mawimbi mapana na mawimbi yaliyobanana, nawaambia watoto kwamba mtu anayeharibiwa masikio na kelele hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Nilikuona ukizipoteza. Nikanyamaza, nikiamini kwamba utajua mwenyewe.

Ikaja wiki ile ya mkanda. Mkanda wa mashine ulipiga yowe asubuhi yote, kila aliyekuwa pale aliusikia isipokuwa wewe, na saa sita ukakatika ukapasua kikinga chake. Hakuna aliyeumia. Siku mbili baadaye mwenye mashine alikuja nyumbani kwa heshima zote, akanywa chai, akasema umefanya kazi ya kutosha, sasa upumzike. Mama aliniambia ulimsindikiza mpaka barabarani, ukasimama pale muda mrefu baada ya pikipiki yake kuondoka.

Jumapili hiyohiyo nikaja, kwa sababu toleo la pili la santuri ile lilikuwa limefika. Ulikuwa umevaa shati la kazi. Jumapili, umetoka misa, umevaa shati la kazi. Ukaweka sindano. Upande ukaisha, hukuinuka. Ukaniangalia.

"Adela, matoazi yako wapi?"

Nilidhani ni utani wako, kama ule wa mwimbaji. Ukasema, "Huyu hapepeti. Mkono wake wameupeleka wapi? Wewe unayasikia?"

Yalikuwa yanalia, Baba. Yalikuwa yanalia vizuri kuliko siku zote, toleo lile lilikuwa limesafishwa na mtu anayejua kazi. Nikaliangalia lile shati. Nikaona kwamba nikisema ndiyo, wiki ile itakuwa imekuchukulia vitu viwili. Nikasema, "Hapana, Baba. Hata mimi siyasikii. Nafikiri waliyafuta walipokuwa wanasafisha."

Ulishusha pumzi. Mabega yalishuka kabisa. "Nilijua," ulisema. "Nilijua ni wao."

Uongo ule ulitoka kinywani kirahisi hata nikashangaa. Kumbe uongo huo ulikuwa bado unataka kulishwa. Ulitoa toleo la kwanza tulinganishe, nikasema hilo limechakaa kwa kupigwa sana. Ukaweka santuri nyingine, nikasema hata hawa wamefanya vilevile. Wiki iliyofuata ukaniita nikuandikie barua ya kwenda kwa wahandisi wa huko. Ulisema niandike kwa Kiswahili kwanza, halafu nitafsiri. "Ndugu wahandisi, salamu. Mimi ni fundi mstaafu wa mashine ya kukoboa, Ifakara. Kazi yenu ni nzuri, lakini katika kutoa pumba mmemwaga na mchele." Mistari kumi na mbili, ya heshima, kila neno mahali pake. Nikaahidi kuituma. Iko kwenye droo yangu shuleni mpaka leo. Kila baada ya muda uliuliza, "Hawajajibu?" Nilisema bado. Ulisema, "Wanaona aibu."

Na kwa sababu nilikuwa na hatia, nikaanza kuja. Kila Jumapili. Tope halikuwa sababu tena, mitihani niliisahihishia kwenye gari. Nilifika saa saba, tunakula, tunanawa mikono, tunakaa. Unaweka upande wa kwanza, tunasikiliza, unauliza, "Umepata chochote?" Nasema hapana. "Basi tujaribu upande wa pili." Miaka minne, Baba. Toleo la tatu, la nne. Kila moja ulilitoa kwenye bahasha yake kwa vidole viwili kana kwamba hili sasa ndilo lenyewe, na kila moja mimi nikalikana.

Lile la pili, lile la siku ya shati, hukutaka tena kuliona kabatini. Ulimpa rafiki yako Mzee Salumu, yule muuza vipuri vya baiskeli, kwa kuwa na yeye alikuwa na gramafoni nyuma ya duka lake. Niliogopa wiki nzima. Nilijua akiipiga tu atakwambia. Lakini kila nilipopita dukani kwake aliniitikia marahaba kama kawaida, aliuliza habari za Mofu, basi. Nikafikiri hana habari na matoazi.

Kilichokuwa kinanila si uongo wenyewe. Ni kwamba hospitali iko hapahapa mjini. Kuna wataalamu wa masikio, kuna vifaa vidogo vya kuvaa sikioni. Kama ningesema ndiyo siku ile, ungelia, ungekasirika, lakini ungekwenda. Ungeyasikia matoazi miaka minne. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najihesabia. Ulipolazwa, zile siku tatu za mwisho, nilikuinamia sikioni nikapaza sauti mpaka wodi nzima ikajua kwamba nakupenda na kwamba Deo yuko njiani. Hili la matoazi sikuweza kulipaza.

Jana, kutoka stendi, boksi nimelikumbatia, miguu ikanipeleka kwa Mzee Salumu. Nilitaka nimwambie mtu mmoja kabla ya kukufungulia. Alikuwa ananyoosha gurudumu, anakaza spoku moja moja. Nikamwamkia, nikakaa kwenye tairi, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe hapa. Hakuacha kuzungusha gurudumu. Nilipomaliza akasema:

"Mwanangu Adela, babako alipoiweka ile santuri mkononi mwangu alinambia haina matoazi. Nikaipiga. Wallahi yalikuwa yanalia mpaka kwa fundi cherehani pale ng'ambo. Mimi si mtu wa kumficha rafiki. Nikamwambia, mwenzangu, santuri nzima, tatizo liko kwako. Akaninunia wiki. Wiki ya pili akaja mwenyewe, akasema haya, nisindikize. Tukaenda hospitali."

Kisha akainuka, akashusha kutoka rafu ya juu kikopo cha viraka vya baiskeli, akatoa viraka, akatoa kipande cha flana, na ndani ya flana kulikuwa na kifaa cha sikioni, kidogo kama haragwe.

"Alikuwa anakivalia hapa. Jumatatu hadi Ijumaa, mimi nikishaswali adhuhuri. Ananawa mikono, anaweka santuri yake, anakaa pale ulipokaa wewe. Anapepeta hewani kwa mkono, wateja wanamshangaa. Kisha anakivua, anakirudisha, anaondoka."

Nikamwuliza kwa nini hukukileta nyumbani. Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.

"Nilimwuliza. Nikamwambia, mwambie mtoto, muyamalize. Akanambia, Salumu, Adela anakuja kila Jumapili kuyatafuta matoazi na mimi. Nikimwambia yamepatikana, atakuja kutafuta nini?"

Baba.

Akaendelea, masikini, hakujua kwamba ilikuwa inatosha. Alisema siku yako ya mwisho alikileta wodini mfukoni, ili usikie vizuri. Ulikiona, ukampungia mkono akifiche. Mimi nilikuwa naingia mlangoni na uji.

Nililia pale kati ya matairi mpaka mteja mmoja akageuza baiskeli akaondoka. Halafu nikakukasirikia, na nakwambia hivyo kwa sababu leo hatudanganyani. Nilikukasirikia njia nzima mpaka nyumbani. Miaka minne nimebeba mzigo wa kukuibia muziki wako, kumbe ulikuwa unausikiliza siku tano kwa wiki nyuma ya duka la baiskeli, na Jumapili unakuja kukaa na mimi ukiwa kiziwi kwa hiari. Nilikuwa nakutazama usoni unapouliza "Umepata chochote?" nikiona mzee anayetumaini. Sasa naurudisha ule uso kichwani na sijui nilikuwa naona nini. Kuna siku ulinitazama muda mrefu nilipojibu hapana, ukatabasamu, ukageuza santuri taratibu sana. Kuna siku ulisema, "Tusiharakishe. Labda toleo lijalo." Na la tano uliliagiza ukijua. Lakini kinachoniuma zaidi si kwamba ulijua. Ni kwamba ulinihesabia miezi ile ya zamani, mmoja, mmoja na nusu, miwili, ulikuwa unaiona yote, na uliponiona naja mfululizo ukatafuta sababu ukapata moja tu.

Leo baada ya misa nimefungua boksi. Nimenawa mikono. Nimemwita Mama, naye akaja, mikono ameshanawa, akaketi kwenye kiti chako kabla sijamwonyesha pa kukaa. Nimeteremsha sindano. Pumzi ya tarumbeta, kiti, mnong'ono, na halafu mkono ule wa kulia ukaanza. Sijawahi kuusikia karibu hivyo. Hatukuongea mpaka upande ukaisha, machozi hayakukatazwa kwenye sheria zako. Mama akauliza, "Na hii nayo hamjayapata?" Nikamwambia yapo, Mama, yalikuwepo siku zote, nilikuwa nasema uongo, na Baba alijua. Akanitazama, akamtazama yule wa kwenye jalada. "Mimi mbona nayasikia tangu zamani," akasema. "Nyie hamkuniuliza." Akarudi uani kwenye mchele wake.

Nimecheka, Baba, mara ya kwanza tangu masika. Ungecheka kabla yangu.

Upande wa pili bado sijauweka, nasubiri Mama amalize kuchambua, maana ameagiza tusianze bila yeye. Kifaa chako Mzee Salumu atakirudisha hospitali, wanasema kinaweza kumfaa mwingine. Santuri hazigawanywi, Deo na ndugu zako wamekubali, zitabaki kabatini kwako. Mzee Salumu nimemwomba awe anakuja hapa badala ya kusikiliza peke yake dukani. Barua yako ya wahandisi nitakuja nayo, nitaiweka ndani ya lile toleo la pili akilirudisha. Ilikuwa barua nzuri, hata kama hawakuwa na kosa.

Nakuaga sasa. Sijui mtu aliyelala kwenye udongo ule mweusi anasikia nini, wala sitajifanya najua, nimeshajifanya vya kutosha. Ahadi yangu ni ndogo. Jumapili ijayo nitapanda gari la asubuhi kutoka Mofu, nitakuja kukaa na Mama. Na ile ya baada yake. Hakuna mzigo unaosubiriwa stendi, hakuna kitu chochote kilichopotea ndani ya nyumba hii, na nitakuja.

Ungeniambia tu yamepatikana, Baba. Ningekuja.

Mwanao,
Adela